Mrija wa Mzee

Jumamosi, Simbo.

Mdomo tena. Ulianza kuwasha asubuhi pale Katonga, ufukweni, nilipoona boti ikishusha wakimbizi wengine na magodoro yao. Nikishtuka tu, malengelenge yanatoka. Nikameza kidonge palepale, maana muuguzi wa kambini alinionya nisisubiri yatokeze.

Jioni tulikwenda kwa wakwe wa binti yangu, Espe. Mtungi wa pombe ukawekwa katikati, mirija ya kunyonyea ndani yake. Baba mkwe wake akanywa kwanza, kisha akanipa mrija wake. Nikakataa.

Wote wakanigeukia. Kwetu Burundi, kukataa mrija ni kusema wenyeji wametia sumu.

"Mama Espe, unatuogopa?"

"Hapana, Mzee. Naumwa mdomo, nisije nikawaambukiza."

Akacheka, akasema basi nitakunywa nikipona.

Mungu anisamehe, niliushukuru ule ugonjwa. Waliomuua kaka yangu walikuwa wamekunywa naye mtungi mmoja, jioni ileile. Tangu hapo nikiona mirija imesimama mtungini...

Hawa ni watu wema. Najua.

Nimekaa na kidonge cha usiku mkononi. Nikikimeza, mdomo utapona, na Mzee atanipa tena mrija wake.