Kifungo cha Juu cha Gauni Lako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa zitakufikia zimechoka. Natumaini goti lako limepoa, na shemeji ameacha kukohoa na kuwasingizia wapwa zangu kwamba ndio waliomwambukiza. Ukiniuliza hali yangu, nitakujibu kwamba mimi ni mzima. Huo ni uongo, lakini barua haianzi bila adabu.

Gauni lako lilifika. Shemeji alilitundika mlangoni pa karakana, akakataa hata maji, akasema ameacha gari linanguruma. Siku hizi kila mtu gari lake linanguruma. Halafu haohao wananiambia kwamba mwenye kazi hawezi kuwa mpweke. Nani alitunga upuuzi huo? Aje akae nyuma ya cherehani hii kutwa nzima, kisha ndipo anihubirie.

Unamkumbuka Mwalimu mstaafu anayekaa ghorofa ya juu? Koti lake halikuwa likikaa na vifungo. Kila kimoja kilipodondoka alishuka nalo, akaketi kwenye benchi, akanitukana vizuri. Alisema hata nikishona ngozi ya kiboko, kifungo kitadondoka kabla kiboko hajafika mtoni. Nami nilimjibu kwamba mwenye hatia ni tumbo lake. Kutoka hapo tuligombana juu ya serikali, juu ya vitabu, juu ya kama kuku ana akili, mpaka chai ikapoa. Majirani walidhani tunachukiana.

Basi, binti yake amemnunulia jaketi la zipu. Sasa Mwalimu anapita, ananipungia mkono, anakwenda zake. Zipu, dada! Kitu kisicho na uzi wala maneno.

Juzi mwenye nyumba aligonga. Nilitaka kuitika, sauti haikutoka. Nilikuwa sijasema neno na mtu tangu sijui lini, koo limekauka kama gome. Nikamsikia akimwambia mkewe kwamba humu hamna mtu. Wakaondoka. Nilibaki nimesimama na mkasi mkononi, na kwa kitambo nikamwamini.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Vile vifungo havikudondoka vyenyewe. Nilikuwa sifungi fundo mwisho wa uzi. Mimi, niliyefundishwa na baba kwamba kazi isiyo na fundo ni wizi! Nilifanya hivyo kwa shati la dereva, kwa sketi ya muuguzi, ili warudi, wakae kidogo, hata kama ni kunifokea. Wao walihamia kwa fundi mwingine, na walikuwa na haki. Mwalimu peke yake aliendelea kurudi. Siku moja nilichungulia nikamwona ngazini, amesimama, anakivuta kifungo cha koti lake kwa vidole viwili mpaka kikakatika. Kisha akashuka amenuna, tayari kunitukana.

Nilifikiri wazee wawili tunadanganyana. Kumbe tulikuwa tunaitana. Sasa hakuna anayeniita.

Gauni lako liko tayari, nalituma pamoja na barua hii. Upindo ni imara, na mshono wa begani hata ng'ombe hawezi kuupasua. Lakini kifungo cha juu ukikigusa tu kitatoka. Usimpe shemeji alilete. Lilete mwenyewe, uje umekasirika, na gari ulizime.

Wabusu wapwa zangu. Mwambie shemeji anywe maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili