Kioo cha Mzee Nisiyemjua

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Unyambwa hatujambo, mama yako anapura alizeti.

Unauliza kama sikuogopa kuwekewa kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kutoka kwa mzee aliyefariki. Niliogopa. Nilimwambia daktari, "Mbona hamkunitafutia cha kijana?" Akasema kilikuwa kizima na kilitunzwa vizuri, kilichobaki ni jicho langu kukipokea.

Nikakumbuka nilipoolewa. Bibi jirani alinizawadia kuku mkongwe, nikanuna, maana nilitaka mtetea mchanga. Mama mkwe akaniambia, "Mjengee banda kavu, usimhangaishe." Yule kuku aliangua vifaranga mpaka majirani wakaja kuomba mbegu.

Basi dawa ya matone naweka bila kukosa, na jicho likiwa jekundu nawahi hospitali. Jana nilimtazama mdogo wako vizuri, kumbe ana kidoti shavuni kama cha marehemu babu yenu. Nimekaa naye miaka yote hii sijakiona.

Jicho likiniwasha, silisugui. Nakunja mikono mapajani na kumshukuru yule mzee, maana yeye aliniachia kizima.

Ni mimi bibi yako, ninayekuandikia safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.