Dakika ya Kumi na Moja

Tabora,
Jumatatu, 4 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Hemedi, Kiegeani, Mafia.

Assalaam alaykum. Leo imetimia miaka ishirini na tatu, mwezi mmoja na wiki moja tangu niiage Kilindoni. Hesabu hii huifanya kila ninapoandika tarehe, hata kwenye karatasi za hospitali.

Shikamoo uliyoniandikia niliiitikia kwa sauti, peke yangu barazani: marahaba, Hemedi, marahaba. Mimi ni mzima ukiondoa magoti. Mwanangu Baqir na mkewe Nida wananitunza vizuri mno, hata chumvi wamenificha. Ijumaa huwa wananipeleka kwenye kaburi la mke wangu Gulnar, nalisafisha mwenyewe. Na wewe, hujambo? Mama Arafa hajambo? Bega lako je, bado linakuamsha mvua zikikaribia?

Barua yako ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwamba Idi Pili mwaka huu vijana wa Kiegeani watatundika shuka jeupe waonyeshe pambano lako la mieleka la mwaka 1999, na mnataka nije na kanda yangu ya video, nishike kipaza sauti kama zamani. La pili, kwamba wazee wa Muhidini walikuja kutoka Kilwa kumposea mwanawe Hafidhi, nahodha wa boti ya hoteli pale Utende, na wewe ukawarudisha. Uliwaambia humwozi binti yako Arafa kwa watu wanaokimbia. Sasa ni wiki tatu mtoto hasemi nawe, anakuwekea chakula na kuondoka. Unaniomba mimi, niliyeandaa pambano, nimwandikie nimweleze baba wa mchumba wake ni mtu wa namna gani.

Nitamweleza. Lakini nimeona nianze na wewe.

Nida aliipeleka kanda kwa fundi, akaihamishia kwenye kompyuta. Nimeitazama mara tatu, saa ya ukutani ikiwa mbele yangu na kalamu mkononi. Kabla sijakwambia nilichokiona, nikukumbushe tulikotoka, maana nataka tuanze mahali pamoja.

Hifadhi ya bahari ilikuwa bado changa. Kila kikao kilikuwa cha nyavu: zipi ziruhusiwe, nani avue wapi, na wageni wa dago, wale wavuvi wanaokuja kwa msimu na kupiga kambi ufukweni, wakae au waondoke. Wenyeji na watu wa dago walikuwa hawasalimiani vizuri hata sokoni. Mahali pekee walipokaa benchi moja ni kwenye banda langu la video nyuma ya duka, nikiwatafsiria mieleka ya kizungu. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikasema tufanye pambano letu, la kupangwa kama yale ya kwenye kanda: wewe, Chewa wa Kiegeani, na Muhidini wa dago, Taa wa Kilwa, majina ya samaki wote wawili. Mwisho wake tulikubaliana watatu: sare. Mtoke nje ya ulingo wote wawili, mwamuzi ahesabu hadi kumi, kila upande uende nyumbani na heshima yake. Mwamuzi, Mwalimu Mbaraka, hatukumwambia, kwa sababu alikuwa hawezi kudanganya hata mkaguzi wa shule.

Sasa niseme kama mtu aliyetazama mieleka mingi. Pambano lenu halikuwa zuri kama tunavyolisimulia. Dakika tatu za mwanzo mlizungukana kama majogoo waliofungwa kamba. Dakika ya nne ulipiga ngwala, na Muhidini akaanguka kabla mguu wako haujamfikia. Nilipiga kelele ili watu wasione. Dakika ya sita ulisahau zamu yako, ukamgeukia Mwalimu Mbaraka kumuuliza imebaki muda gani. Unaonekana kabisa, mdomo wazi. Mama mmoja anasikika akisema, “Huyo Chewa ana haraka ya kwenda wapi, pilau bado haijaiva.”

Dakika ya nane ndiyo nzuri kuliko zote. Muhidini alikubeba begani na uzito wako wote, akazunguka nawe mara mbili, kisha akakulaza juu ya yale magunia ya makumbi ya nazi tuliyotandika chini ya turubai, taratibu, kama anayeshusha kapu la mayai. Siku ile niliiita ghadhabu ya Taa. Nikiitazama leo naona mtu anayemchunga mwenzake.

Dakika ya kumi na moja ukapanda kamba ukaruka. Hilo hatukulipanga, Hemedi. Ulikuwa umeliona kwenye kanda ukalipenda. Muhidini alinyoosha mikono akudake, hakukuwahi, bega lako likapiga gogo la mnazi kwenye kona. Ukalala kifudifudi. Yeye akakulalia mgongoni na kukupiga kabali, lakini itazame kabali hiyo: mkono umelegea, hata mtoto angetoka. Mdomo wake uko sikioni mwako. Umewahi kusema alikuwa anakutukana. Mimi nadhani alikuwa anakuuliza kama umeumia. Kisha akainua uso, akanitazama mimi moja kwa moja, akaweka mikono yote miwili kichwani, akatoka nje ya ulingo.

Miaka yote hii umewaambia watu kwamba uliporuka alisikia kishindo, akaogopa, akakimbia. Ndivyo ulivyosikia kwangu, maana uso wako ulikuwa kwenye turubai. Lakini kuna jambo hulijui, na kutolijua kwako kuna sehemu yako na sehemu yangu.

Siku moja kabla, stoo kwangu, nilitaka kuwapa alama ya hatari. Wewe ulikataa hata kuisikia. Ulisema alama za kuumia niwape watu wa dago, Chewa havunjiki, ukatoka ukicheka. Nikampa Muhidini peke yake. Nilimwambia: mmoja akiumia kweli, mzima aweke mikono kichwani, atoke nje, nami nitatangaza sare na kumwita mganga. Mtu wa pwani mimi, katika alama zote za duniani nikachagua mikono kichwani, ambayo kila mtu akiiona anajua mwenye nayo amefikwa na balaa.

Niliiona alama yangu. Nataka sentensi hii uisome polepole: niliiona, na niliielewa. Watu wangu walikuwa wamesimama wote, jina lako vinywani mwao, na sauti yangu ikawafuata. Nikasema kwenye kipaza sauti, “Ameshika kichwa! Mtu wa dago amekimbia!” Uwanja ukalipuka. Mwalimu Mbaraka akahesabu mpaka kumi kwa uaminifu wake wote, ushindi ukawa wako. Muhidini alibaki palepale, mikono kichwani, akinitazama, anangoja nitangaze sare.

Asubuhi yake alikuja dukani. Alianza kwa kuuliza hali ya bega lako. Halafu akaniomba kitu kimoja tu: kwamba alasiri ile, kabla ya picha za video bandani, niwaambie watu tulichokubaliana. Alisema hajali kushindwa, lakini watoto wa Kilindoni wameshaanza kushika vichwa kila mtu wa dago akipita, na ana wenzake kumi na wanane pale kambini. Nikamwahidi. Alasiri banda likajaa mpaka mlangoni, wakataka niwarudishie pambano lako. Nikalirudisha, na dakika ya kumi na moja nikaitia chumvi kuliko mara ya kwanza. Muhidini alikuwa amesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake akaondoka. Wiki ile wakavunja kambi, na hakurudi tena.

Lakini mwanawe alipotaka kuja Mafia kutafuta kazi, alimruhusu. Alipomtaka binti yako, akatuma wazee. Mtu huyo hajakimbia popote. Alikuokoa bega, akalipa kwa jina lake, na aliyemlipisha ni mimi.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka, na katika haya sibembelezi. Mwite Arafa, mkalishe, umsomee barua hii yote, na pale penye aibu yangu usiruke. Kisha panda boti uende Kilwa wewe mwenyewe, usitume mtu. Kanda anakuletea ndugu yangu Waseem, anaondoka Ijumaa. Pamoja nayo kuna karatasi moja: maelezo mapya ya dakika ya kumi na moja, kwa mwandiko wangu na sahihi yangu. Mpe Mwalimu Mbaraka asome mbele ya watu siku ya Idi Pili. Yeye akisema kitu, Kilindoni nzima inajua ni kweli.

Najua utakasirika. Kasirika, ni haki yako. Nimekuvua ubingwa barazani kwako. Ila usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Kimya kile nimekibeba mpaka huku.

Ramadhani njema kwenu nyote. Nisalimie Mama Arafa, mwambie mikate yake ya kumimina sijapata mfano wake huku bara. Nisalimie Arafa, na siku Muhidini atakapokaa barazani kwako kama mkwe, mpe salamu zangu kwanza, kisha ndipo useme zimetoka kwa nani.

Umeniuliza nitashukia Kilindoni lini. Magoti yangestahimili safari, na Baqir angenileta. Lakini nikisimama mbele ya watu wale na kipaza sauti mkononi, watanishangilia, nami najijua nikishangiliwa. Karatasi haishangiliwi. Itasomwa kama ilivyoandikwa.

Mimi Mafia sitarudi.

Kaka yako,
Abbasali