Kawa Iko mu Kopo ya Bulu

Baba Tania,

Ukirudia toka kazi, kawa iko mu kopo ya bulu, juu ya friji. Usifunge kifuniko sana, iache ipumue mpaka kesho. ~~Usiiguse.~~ Kunywa kikombe kimoja. Kimoja!

Asubuhi courant ya umeme ilirudia, minye mbio ku mashini yangu ya kukaanga kawa, ile weye unasemaka ni jouet, kitu ya batoto ya kuchezea. Punje zikaanza kulia pa! pa! pa!, moshi ukajaa mu jikoni, minye nacheza pekee yangu. Kumbe mama yako alizani nyumba inaungua. Akatoka mu chumba mbio, Biblia mu mukono moja, pasi mu ingine!

Nikatwanga kidogo, nikamupikia. Unajua vile anasemaka toka siku ya ndoa yetu: kawa ni sufuria na mukono, na minye sina mukono. Alikunywa yote. Akaomba ingine. Kisha akaniambia polepole nimufungie ya kupelekea bamama ba kanisa. Atawaambia ameikaanga yeye mwenyewe.

Akikuambia vile na weye, itika tu. Usicheke mbele yake. Minye nimeshacheka ya sisi wote wawili.

Mama Tania, mwenye jouet