Viraka vya Kimya

Maabara ya Seli za Neva,
Ghorofa ya Pili.
9 Juni

Mpendwa Shangazi,

U hali gani, na goti lako linakuruhusu kupanda ngazi siku hizi? Mimi mwili mzima. Moyo ndio uliokuwa na homa.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa. Kila seli ya neva imezungukwa na utando wa mafuta, mwembamba ajabu. Tunaamini utando huo una viraka vizito zaidi, na kwamba vimeng'enya vinavyopokezana ujumbe hukusanyika humo. Basi tunaulowesha utando kwa sabuni baridi, tunauzungusha kwa mashine, viraka vinaelea juu kama mafuta ya mchuzi.

Mwenzangu, tunayemwita Kimya, kila akipima huvikuta vimeng'enya ndani ya viraka. Nikipima mimi, vimetawanyika. Mkuu wetu akaanza kunitazama kama mtu aliyeunguza chungu. Nikajiambia, huyu dada anapika matokeo. Jumatatu moja alipotoka kidogo, nikabadilisha lebo za neli, vile vichupa vya sampuli: zake nikazipa jina langu, zangu jina lake.

Shangazi, niliumbuka. Neli zake, zenye jina langu, zilitoa viraka vilivyojaa vilevile; zangu, zenye jina lake, zikatawanyika.

"Umeridhika?" Kimya akaniuliza bila kugeuka; mwandiko wangu kwenye lebo alishautambua. "Wewe neli unaziacha mezani, nje ya barafu. Zikipata joto, sabuni inayeyusha viraka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unafanya makusudi, uniharibie."

Nikamwomba radhi. Lakini shaka ikahamia kwingine: ikiwa joto la meza tu linavitawanya, ndani ya ubongo wenye joto la mwili vipo kweli? Au ni barafu yetu inayovikusanya?

"Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema.

Tukaenda kwa Mkuu pamoja. Ripoti alishaiandika, alifoka, kisha akatupa wiki mbili. Tulizitia seli hai rangi inayong'aa, tukachungulia kwenye hadubini. Vimeng'enya vilikusanyika, ndiyo, lakini kwa vikundi vidogo, na kabla hujahesabu kumi vimeachana. Ripoti imeandikwa upya, na jina langu liko kando ya lake.

Ila Kimya ametia kufuli sanduku lake la barafu, ufunguo anauvaa shingoni. Simlaumu. Kila akiliinamia kulifungua, mimi hutazama pembeni.

Nisalimie Bibi, na Baba Mkubwa mwambie miwani yake inakuja. Mola akupe afya na majirani wema.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bila shaka yoyote.