Diski Isichomolewe Tena

Baba Naila,

Uji uko kwenye chupa. Diski iliyochomekwa kwenye kompyuta USIIGUSE.

Kompyuta yako inataka kufa, ndiyo maana nahamisha video za harusi yetu. Diski mpya ina mbio, ila hilo kongwe lako linapeleka kidogo kidogo, kama kibogoyo anayetafuna muwa. Lilianza jana mchana. Leo asubuhi ilibaki asilimia mbili tu, ukachomoa diski ili uchaji simu! Nimeanza upya.

~~Chakula kajitafutie Kongowe.~~ Wali uko jikoni.

Kuchaji, nenda kwa jirani. Sauti ya marehemu mama yako imebaki kwenye video hizo tu, akiiambia kamera kwamba sifai kuolewa. Na mimi ndiye ninayehangaika asipotee.

Mkwe wake