Meneja, Mtendaji na Kura ya Tisa

Jumanne, 4 Februari 1997

Zamu hospitalini, halafu kumpeleka binti yangu Neema darasa la piano, halafu kikao. Ugali nimekula nimesimama. Tume ya katiba ya mji, watu tisa, mwezi wa tatu sasa swali lile lile. Tubaki na mtendaji, ambapo kuajiri na kufukuza wafanyakazi ni kura ya madiwani watano? Au tuwe na meneja, mambo hayo yawe yake peke yake, madiwani wasitie mkono? Wanne wanataka meneja. Wanne hawataki, akiwemo mwenyekiti, Mzee Harold. Nimebaki mimi. Zikifika kura tano, swali linakwenda kwa wananchi Mei.

Harold ni jirani, mwalimu mstaafu, miaka sabini na nane. Ndiye aliyenipendekeza kwenye tume. Anajua niko upande wake, na kweli niko. Tanzania, kabla hatujahamia huku, nilikuwa karani wa halmashauri. Mkurugenzi alinifukuza kwa barua ya mistari miwili, kisa nilikataa kumfichia faili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu mmoja apewe rungu lote? Hapana.

Jumamosi, 8 Februari

Rafiki yangu Wanjiru kaja, hata koti hakuvua. Yeye ni mkaguzi wa nyumba za kupanga hapa mjini, Mkenya peke yake ofisi nzima. Desemba aliliandikia jengo moja makosa: hita mbovu, watoto wanalala na makoti. Kumbe jengo ni la shemeji wa diwani mmoja. Sasa madiwani watatu wanasema waziwazi kwamba hafai. Bado yuko kwenye majaribio. Juni ndipo watapiga kura, wamthibitishe au wamtoe. Akija meneja kabla ya hapo, kura hiyo haipo tena.

Hakuniomba chochote. Alieleza tu, akanywa chai, akaondoka. Hilo ndilo lililoniuma.

Nimekasirika mpaka nimeunguza vitunguu. Rungu la watatu linaumiza sawasawa na la mmoja.

Jumanne, 11 Februari

Nimeamua. Meneja. Si kwa ajili ya kanuni, ni kwa ajili ya Wanjiru, na sioni haya kuliandika hapa.

Kikaoni Harold kauliza kama kuna aliyebadili msimamo. Akanitazama, akatabasamu. Nikainamia makaratasi. Mtu wa umri wa baba yangu, nimpinge mbele za watu na kinasa sauti kinazunguka? Wapi! Nitamfuata nyumbani kwake. Kura ni Jumanne ijayo.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa nimekwenda kwa Harold na kuku wa nazi na chapati. Mkewe kafurahi. Tumekula, tumezungumza habari za theluji na magoti yake. Kisha nikamweleza taratibu. Kwamba Jumanne nitakwenda upande wa pili. Kwa nini. Kwamba anisamehe, na kama moyo wake unamruhusu, aje nami. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema asante kwa kumwambia. Kanisindikiza mpaka kwenye gari, na barafu ile.

Nimerudi mwepesi. Baba Neema anasema nimefanya la maana. Neema kanijibu kwa Kiingereza chake kwamba haelewi, kwa nini nisingesema kwenye mkutano. Nimemwambia akafanye homework.

Jumanne, 18 Februari

Nina aibu.

Kikao kimefunguliwa tu, Harold kaomba jambo liingie kwenye kumbukumbu. Kasema, "Jumapili mjumbe mwenzetu alinitembelea, tukala chakula kizuri sana, na tukazungumzia ajenda." Kwa upole uleule. Hata kuku kamsifu. Watu wote wakanigeukia. Kumbe hapa mambo ya tume husemwa kikaoni, mlango wazi, mwananchi yeyote asikie. Siku ya kuapishwa walitupa kijitabu. Sikukisoma.

Mwanasheria wa mji kasema si kesi, ila ananishauri nisipige kura, kuepusha maneno. Ananishauri. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusimama nikasema mbele yao yote niliyomwambia Harold. Nikasema sawa.

Nne kwa nne. Hoja imekufa. Aliyesikiliza kapiga kura, mimi niliyesema nimekaa nimekunja mikono. Namchukia Harold leo. Najichukia zaidi.

Jumatano, 19 Februari

Wanjiru hapokei simu.

Jumatatu, 3 Machi

Harold karudisha bakuli langu la kuku. Kaliosha, kaweka biskuti ndani. Anaona ametenda haki, na kwa haki yao ametenda. Nimemkaribisha, kanywa vikombe viwili vya chai. Maneno yalinijaa kinywani na sikumwambia hata moja. Loo, mimi!

Jumamosi, 12 Aprili

Hatimaye Wanjiru kaja. Hatukuitaja tume. Kanisuka nywele, tukacheka kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Madiwani wamepiga kura. Watatu kwa wawili. Wanjiru ametolewa.

Kabla ya kura wananchi hupewa nafasi ya kusema. Nilisimama. Nilitaja jengo, hita, watoto, shemeji. Diwani mwenyewe alikuwa ananitazama usoni. Harold alikuwa safu ya pili, nikasema mbele yake kwamba Februari nilikosea kunyamaza. Nilisema mpaka mwisho. Wakanishukuru. Wakapiga kura yao.

Jumanne, 17 Juni

Nimempeleka Wanjiru kuchukua vitu vyake ofisini. Boksi moja tu na mwavuli. Gari la kazi amekabidhi.

Tumekaa garini. Hakuwa na hasira. Alisema, "Jana uliongea poa, Mama Neema. Si ungeongea tu hivyo Februari."

Nikawasha gari. Brooklyn Park, mji wa jirani, kuna nyumba ya kulelea wazee inatafuta watu, usaili saa nane mchana. Tulifika mapema. Akapaka mafuta ya midomo, akaingia. Nimemngoja kwenye maegesho, madirisha wazi, mpaka alipotoka.